Mpapai wa nyuma ya nyumba, Malindi: usiung'oe kabla hujaona ua

Mwana wa Barani (mwanzisha uzi)

Assalam aleykum, hamjambo nyote.

Masika hayako mbali, na kila yakikaribia naona jambo lile lile hapa Malindi. Mtu ananunua mche mmoja wa mpapai, anauchimbia nyuma ya nyumba, anaumwagilia vizuri, unakuwa mti wa kupendeza. Miezi sita baadaye unatoa vikonyo virefu vyenye maua madogo madogo yanayoning'inia, na papai halionekani. Mwenyewe anakasirika, anashika panga, anaukata, kisha anawaambia majirani kwamba mchanga wa Malindi haufai mapapai. Mchanga hauna kosa lolote. Alipanda dume.

Rai yangu ni hii: kama uwanja wako ni mdogo na unataka mpapai mmoja tu, usipande mche mmoja. Panda mitatu katika shimo moja, iachane kiasi cha shibiri, itunze yote sawa, na usiung'oe hata mmoja mpaka uone ua. Ukishaona ndipo unabakisha mmoja.

Hesabu yake ni nyepesi. Mbegu za papai letu la kienyeji, la mti jike uliopata chavua ya dume, hutoa nusu majike na nusu madume, takriban. Ukipanda mmoja ni pata potea. Ukipanda mitatu, uwezekano wa yote kutoka madume ni mara moja kati ya nane. Ile Solo, yenye papai dogo ambalo mtu mmoja analimaliza, mambo yake ni mengine. Mbegu yake ilipelekwa Hawaii kutoka Barbados mwaka 1911, na ikitoka katika mti wa jinsia mbili (ua lake moja lina udume na ujike pamoja) uliojichavusha wenyewe, theluthi mbili ya miche huwa ya jinsia mbili na theluthi moja majike. Madume hayamo.

Sasa ua lenyewe. Dume utalijua kwa mbali, kwa sababu maua yake yako mengi kwenye kikonyo kirefu chenye matawi. Jike na jinsia mbili yote hukaa karibu na shina, kwenye kwapa la jani, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Chukua ua lililo karibu kufunguka, lipasue kwa ukucha kuanzia juu kwenda chini. La jike lina kitumba, kile kifuko kinachokuja kuwa papai, kinene cha mviringo, kimekaa peke yake, juu yake pana vitawi vitano, na hakuna unga wa njano hata chembe. Petali zake zimeachana karibu hadi chini. La jinsia mbili kitumba chake ni chembamba na kirefu, petali zimeshikana sehemu ya chini, na ukigusa pembeni ya kitumba kidole kinatoka na unga wa njano. Ukishafanya hivi kwa maua machache hutakosea tena.

Mti wa jinsia mbili haumhitaji mtu, unajitosheleza, na papai lake huwa refu lenye nyama nene. Jike linataka chavua, na papai lake ni la mviringo, uwazi wa ndani ni mkubwa. Kwa mtaa kama wetu ambao nyumba zimebanana, dume moja kwa jirani linatosha kuhudumia majike kadhaa. Kuna nondo wakubwa wenye mabawa membamba wanaozunguka maua magharibi jua likishazama, hao ndio wanaobeba chavua. Kwa hiyo dume la jirani usimshawishi alikate.

Watu wa mbegu wanasema wanaweza kulitambua jike kwa rangi ya mbegu, au kwa mizizi ya mche, au kwa ukubwa wa jani. Nimesikia yote hayo. Mche hausemi jinsia yake mpaka uchanue, labda uupeleke maabara. Anayekuuzia mche kwa bei ya juu akikuapia kuwa ni jike, na ni wa mbegu ya kienyeji, anakuuzia maneno.

Karibuni, kila mwenye uzoefu aongeze.

---

Mzee wa Ganda

Aleykum salaam kijana. Umesema vizuri lakini jambo moja umeliruka. Sisi tangu wazee wetu, mpapai dume unapigiliwa msumari kwenye shina, au unakatwa kichwa, na unazaa. Nimeona kwa macho yangu, si hadithi ya kuambiwa. Palikuwa na dume pale kwa shemeji yangu, likapigwa msumari, mvua iliyofuata likatoa mapapai.

---

Mwana wa Barani

Shikamoo mzee. Sikatai ulichokiona. Mpapai dume una tabia ya kubadilika wenyewe. Kuna madume ambayo msimu ukigeuka, hasa joto likipungua, baadhi ya maua yake yanapata kitumba na yanashika tunda. Ukiyaangalia mapapai hayo utayakuta yananing'inia kwenye kikonyo kirefu, si shinani. Yalikuwa hivyo kwa shemeji yako?

---

Mzee wa Ganda

Naam, yalikuwa yananing'inia. Madogo, marefu.

---

Mwana wa Barani

Basi ndilo hilo mzee wangu. Huo ni mti dume uliopata msimu wake. Yapo madume yanayofanya hivyo bila kuguswa na msumari, na yapo yanayopigiliwa misumari hadi yanaoza na hayazai. Kinachonisumbua na msumari ni kwamba shina la mpapai ni laini na lina uwazi ndani, kidonda chochote kinaingiza maji na ukungu. Kama mtu ana dume na hana nafasi ya mti mwingine, aliache libadilike lenyewe likitaka, au aliondoe na apande mitatu.

---

Fundi wa Kitalu, Gede

Uzi mzuri. Mimi kazi yangu ni miche, niseme kuhusu mbegu, kwa sababu watu wengi wanalalamika mbegu hazioti.

Mbegu ya papai ina utando wa maji maji unaoizunguka. Utando ule unazuia uotaji. Ukitoa mbegu kwenye papai na kuzipanda hivyo hivyo, chache zitaota na nyingine zitachelewa sana. Weka mbegu kwenye kichujio au kitambaa kizito, sugua na mchanga au majivu mpaka utando upasuke na uteleze, osha, kisha anika kivulini, si juani. Baada ya hapo zinaota ndani ya wiki mbili hadi nne joto la hapa likiwa zuri. Tumia pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, udongo uwe mwepesi, weka chini ya kivuli cha makuti kilichoachwa mianya. Unapofika kimo cha shibiri moja au zaidi kidogo, kama wiki sita hadi nane, toa makuti kidogo kidogo mche uzoee jua, ndipo uhamishe. Mizizi ya mpapai haipendi kuchezewa. Pasua pakiti, usivute mche.

Kuhusu Red Lady na mbegu nyingine za chotara, yaani zilizozalishwa kwa kuchanganya aina tofauti: ni mbegu nzuri, Red Lady inatoa miti ya jinsia mbili na majike, kwa hiyo yote inazaa. Lakini ni chotara. Ukila papai lake ukatunza mbegu, kizazi cha pili hakitafanana na mama yake, utapata kila aina. Anayetaka kutunza mbegu mwenyewe mwaka hadi mwaka, achukue Solo iliyotulia, atoe mbegu kwenye papai refu la mti wa jinsia mbili. Hata hivyo kama jirani zake wana madume, chavua itaingia. Afunge ua kwa mfuko mdogo wa karatasi kabla halijafunguka, aache lijichavushe lenyewe ndani, afungue tunda likishashika na alitie alama. Ni kazi ya dakika chache na mbegu zake utaziamini.

Shimo: futi mbili kwa futi mbili, kina futi mbili. Udongo wa juu weka upande wake, changanya na samadi iliyooza. Kwetu mchanga ni mwingi, maji yanapita moja kwa moja, kwa hiyo mimi chini kabisa hupanga makumbi ya nazi, mgongo chini na tumbo juu, nayatia maji mengi kwanza, ndipo narudishia udongo. Makumbi yale yanashika unyevu muda mrefu. Mengine napanga juu kuzunguka mti kama matandazo, lakini yasiguse shina.

---

Bi wa Shella

Wanangu nawashukuru. Mimi niko Shella hii yetu ya Malindi, si mbali na bahari. Mpapai wangu ulianza vizuri, sasa majani ya chini yanaungua pembeni, yanakuwa ya kahawia, halafu yanaanguka. Nautilia maji kila siku asubuhi na jioni, ya kisimani. Niongeze maji?

---

Mwana wa Barani

Bi, shikamoo. Maji ya kisima chako ukiyaonja yana chumvi?

---

Bi wa Shella

Marahaba. Yana chumvi, hasa msimu wa kaskazi. Ya kunywa tunanunua.

---

Mwana wa Barani

Basi jani linaungua kwa chumvi hiyo. Visima vya karibu na bahari chumvi hupanda wakati wa ukame, na kutilia kidogo kidogo kila siku ndiko kunakozidisha. Maji yanakauka juu, chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine. Ni afadhali utilie mara mbili au tatu kwa wiki lakini kwa wingi, ndoo nzima ya lita 20 kwa mti uliokwisha kuwa mkubwa, maji yashuke yaisukume chumvi chini ya mizizi. Funika udongo kwa makumbi au majani makavu usikauke. Na kama una paa la mabati, weka pipa. Maji ya mvua ya vuli na masika ukiyatunzia mpapai peke yake, utaona jani jipya linatoka safi. Majani yaliyoungua hayatapona, tazama yale ya juu.

Ila usiutilie mpaka maji yatuame. Mpapai unastahimili kiu kuliko unavyostahimili kusimama majini. Maji yakituama kwenye mizizi siku mbili tu, mti unaweza kuanza kuoza chini na kuanguka huku una mapapai juu.

---

Fundi wa Kitalu, Gede

Hilo la maji kutuama nalitilia mkazo. Masika yakishika mwezi wa Mei, simu nyingi ninazopigiwa ni za "mpapai umelala". Ukiona majani yote yananyong'onyea wakati udongo umelowa, ni mizizi inaoza, na hapo mara nyingi umeshachelewa. Pale panapotuama maji, usichimbe shimo hata kidogo. Inua tuta la udongo, kimo cha goti, panda juu yake. Na mti uliokufa kwa kuoza usipande mwingine pale pale. Vimelea vinabaki udongoni, na katika mchanga wetu wamo minyoo wa mizizi pia. Sogea hatua kadhaa.

---

Kijana wa Muyeye

Mimi kwangu ni mawe matupu. Ukichimba futi moja unakutana na mwamba wa matumbawe. Mipapai imeota lakini majani machanga ni ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Nimekuwa nikiweka majivu ya jikoni kila wiki, naambiwa ni mbolea, lakini njano inazidi.

---

Fundi wa Kitalu, Gede

Acha majivu leo leo. Mawe ya matumbawe ni chokaa. Udongo wenye chokaa nyingi unafunga madini ya chuma, mti unayakosa ingawa yamo ardhini. Jani changa la njano lenye mishipa ya kijani ndiyo dalili yake. Majivu nayo yanasukuma udongo upande ule ule wa chokaa, kwa hiyo unaongeza tatizo. Majivu yangefaa mahali penye udongo mchachu.

Cha kufanya: samadi iliyooza na mboji, nyingi, mara kwa mara, na matandazo mazito yaoze hapo hapo. Pale penye mwamba chukua mtaimbo uvunje kadiri unavyoweza, hata mpasuko mdogo mizizi itaufuata, halafu jaza kwa udongo wa kuletwa na samadi, upandie juu ya tuta. Duka la pembejeo wana mbolea ya majani yenye chuma na zinki, unapulizia jioni, jani hurudi rangi kwa muda. Lakini bila samadi utapulizia milele.

---

Mwamu wa Langoni

Salaam kutoka Lamu. Sisi samadi si tatizo, punda wako mlangoni. Swali langu: ya punda inafaa mpapai? Na pili, nyumba yetu ni ya zamani, kiwanda cha ndani, yaani uwanja ulio katikati ya nyumba, kina jua la saa chache tu. Nikipanda humo utazaa?

---

Mwana wa Barani

Karibu sana Mwamu. Samadi ya punda inafaa kabisa, lakini isiwe mbichi. Mbichi inapata moto ikioza, na mizizi ya mche itaungua. Irundike mahali, nyunyiza maji, igeuze kila baada ya wiki mbili hivi, mpaka iwe nyeusi, haina harufu, na ukiiminya haitambuliki tena kuwa ni majani aliyokula punda. Miezi miwili mitatu inatosha kwa joto la Lamu. Faida nyingine ya kuiozesha ni kuua mbegu za magugu, kwa sababu punda anakula majani na mbegu zinapita tumboni zikiwa hai.

La kiwanda sitakudanganya. Mpapai ni mti wa jua. Kivulini utakua mrefu na mwembamba ukitafuta mwanga, kisha uzae kidogo na papai lisiwe tamu. Kama kuna sehemu ya nje yenye jua la kutwa, au shamba la jamaa huko Hindi au Matondoni, panda huko. Kiwanda kiachie mrehani na mwasumini.

---

Mwamu wa Langoni

Nimekuelewa. Nyuma ya nyumba ya mama pana uwazi, jua linapiga tangu asubuhi. Ila upepo wa kusi unaingia moja kwa moja.

---

Mwana wa Barani

Upande wa kusi panda nyuma ya ukuta, ukuta ukinge. Mizizi ya mpapai haiendi kina, na mti ukibeba mapapai mengi juu, upepo mkali unauegemeza. Papai zikibanana sana, toa baadhi zikiwa changa, zile zilizokaliwa na wenzake. Utapata mapapai machache makubwa na mti utasimama. Zile ulizotoa mpe mama, azisugulie nyama ya mishkaki. Utomvu wa papai bichi ndio unaolainisha nyama, ila asiiache nyama humo usiku kucha, itasambaratika.

---

Mama wa Mambrui

Jamani vidung'ata. Wale wadudu weupe kama pamba. Wamefunika shina, wamefunika mapapai, majani yamejikunja, na juu yake kumekuja weusi weusi wa masizi. Nimepulizia dawa ya duka mara kadhaa, wanarudi. Miaka ya nyuma sikuwa nikiwaona hawa.

---

Fundi wa Kitalu, Gede

Mama, hukuwaona kwa sababu hawakuwapo. Kidung'ata wa papai kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, huko huko unakotoka mpapai wenyewe. Mwaka 1498 Malindi ilipompokea Vasco da Gama hapakuwa na mpapai hata mmoja pwani hii. Mti ulivushwa bahari baadaye, na adui huyu akabaki kwao karne nyingi. Kenya aliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2016, huku huku Pwani. Alikuja bila maadui zake wa asili, ndiyo maana alisambaa vile.

Dawa kali ya dukani mara nyingi inamkosa. Mwili wake na mayai yake vimefunikwa na nta nyeupe, dawa inateleza. Inaua walio wazi, nao ni wale wanaomla. Yuko nyigu mdogo sana, mdogo kuliko punje ya mtama, anayetaga yai ndani ya kidung'ata, na wataalamu wa CABI, shirika la kimataifa la kilimo, na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, wamemwachilia Pwani kwa kazi hiyo. Ukipiga sumu kila wiki unamuua yeye.

Fanya hivi. Kata majani na mapapai yaliyofunikwa kabisa, yatie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uuache juani mpaka wafe, usiyatupe tu uani. Kisha chukua maji yenye sabuni ya kufulia, kidogo tu, na mpira wa maji wenye nguvu au brashi laini, osha shina na chini ya majani. Osha asubuhi, si saa sita. Rudia kila wiki kwa muda. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku mmoja, ukayachuja, nayo yanasaidia ukichanganya na sabuni hiyo.

Na tazama sisimizi. Ukiona msafara wa sisimizi unapanda shina, wanakwenda kwa vidung'ata kunywa ule utamu wanaoutoa, na wanawalinda dhidi ya wadudu wengine. Zungushia shina kitambaa kilichopakwa grisi, sisimizi wasipite. Peke yake hilo linapunguza nusu ya vita.

---

Mama wa Mambrui

Sisimizi wapo, msafara mzima. Sikujua wanahusiana. Naanza kesho asubuhi inshallah.

---

Mkulima wa Sabaki

Mimi niko ukingoni mwa mto, nalima tikiti maji na matango, na nimeweka mipapai pembeni kama mpaka. Mipapai miwili majani yake yamekuwa na madoa ya njano, yanasinyaa, na papai zina viduara viduara kwenye ganda. Majirani wanasema ni upungufu wa mbolea.

---

Fundi wa Kitalu, Gede

Viduara kwenye ganda la papai, ndugu yangu, hiyo ni virusi. Vinabebwa na vidukari, wale wadudu laini wanaojaa kwenye majani machanga, na jamii ya matikiti, matango na maboga inaweza kukaa na virusi hivyo au jamaa zake. Dawa ya virusi haipo. Ng'oa miti hiyo miwili kabla haijaambukiza mingine, ifukie au ichome, na mipapai mipya ipande mbali na matikiti. Najua inauma kung'oa mti wenye matunda. Papai zake kula, hazina madhara kwa mtu, lakini mti usiuache.

---

Mkulima wa Sabaki

Nimepokea. Inauma kweli.

---

Binti Maweni

Samahani niulize. Mpapai wangu ulizaa vizuri sana, kisha Januari hadi Machi ukaacha. Maua yapo, yanaanguka. Sasa mapapai yameanza tena juu, lakini katikati ya shina pana sehemu tupu, makovu ya majani tu.

---

Mwana wa Barani

Huo ni mti wa jinsia mbili, na sehemu tupu ni kaskazi yetu. Joto likizidi na maji yakipungua, maua ya jinsia mbili yanapoteza kitumba, yanakuwa kama ya dume, hayashiki. Mti jike hauna tabia hiyo. Kaskazi inayokuja usiuachie kiu na uwekee matandazo mapema, tangu Desemba. Pengo litakuwepo lakini litakuwa fupi.

Hapo ndipo ninapowaambia watu wa mwambao, kwa mpapai mmoja wa nyumbani, kama mtaani kuna dume, jike si chaguo baya. Wataalamu wengi husifu jinsia mbili kwa sababu ya soko, papai refu linapangika vizuri kwenye kreti. Nyumbani hatupangi kreti.

---

Fundi wa Kitalu, Gede

Hapo tunatofautiana kidogo, nyama ya papai refu ni nene. Lakini kuhusu joto nakubaliana nawe.

---

Bi wa Shella

Na kunguru? Hawa kunguru wa Malindi hawaniachii papai hata moja libivu mtini. Kwa hiyo nayachuma mabichi nayafunika kwenye unga, lakini yanalainika tu, utamu hakuna.

---

Mwana wa Barani

Bi, utamu wa papai unaingia likiwa mtini. Si ndizi. Ndizi ina wanga mwingi unaogeuka sukari baada ya kukatwa. Papai halina akiba hiyo. Likichumwa kijani kabisa litalainika na kubadilika rangi, ladha itakuwa ya maji.

Lingoje mpaka uone mstari wa njano unaanza kwenye kitako, upande ule wa chini. Hapo sukari imeshaingia. Likwanyue kwa kulizungusha kwa mkono, usiligonge kwa mti, na jihadhari na utomvu usikuingie machoni. Weka ndani ya nyumba kwenye kivuli, kitako juu, siku tatu nne litakuwa limeiva lote. Kunguru hulifuata likishakuwa njano nusu, kwa hiyo utakuwa umemtangulia. Ukitaka liivie mtini, livishe mfuko wa gunia au wa karatasi ngumu, ufungwe juu kwenye kikonyo na uachwe wazi chini lipate hewa.

---

Mzee wa Ganda

Wangu mmoja umekuwa mrefu, ngazi haifiki. Unazaa bado lakini papai ni ndogo. Niukate?

---

Fundi wa Kitalu, Gede

Mzee, mpapai miaka yake mitatu minne ya mwanzo ndiyo ya neema. Ukitaka kuujaribu, ukate kimo cha kiuno mvua ikishaanza, si wakati wa kiangazi. Kata mshazari kwa msumeno mkali. Shina ni tupu ndani, kwa hiyo lifunike kwa kopo lililogeuzwa au nailoni iliyofungwa kwa kamba, maji ya mvua yasiingie yakaozesha. Machipukizi yatatoka pembeni. Bakisha mawili, moja kila upande. Lakini huku ukingoja hayo, panda mitatu mipya mahali pengine, ile mbegu unaijua ilivyo tamu.

---

Kijana wa Muyeye

Ndugu Mwana wa Barani, nina shimo la zamani nyumbani kwa dada, miche mitatu, kumbe imechanua wiki hii. Nimepasua maua kama ulivyosema. Mmoja una vikonyo virefu vya kuning'inia. Wa pili ua ni nene, ndani kitumba cha mviringo, hakuna unga. Wa tatu kitumba chembamba na kidole kimetoka njano. Nafasi ni ya mti mmoja tu, na mtaani kwa dada sijaona dume lingine.

---

Mwana wa Barani

Bakisha wa tatu. Jike bila dume karibu halitakuzalia, na ungelazimika kuliwekea dume hilo hilo ambalo huna nafasi yake. Hiyo mingine usiing'oe kwa kuivuta, mizizi imesukana na utautikisa unaobaki. Kata kwa kisu usawa wa ardhi, kisha mwagilia ule uliobaki jioni hiyo hiyo na umwekee samadi kiasi cha karai moja, mbali na shina kidogo.